Mtani Ndani ya Kaburi

Msomaji wangu, wiki jana tulimwacha Mama Pascasie mahali ambapo mtu mwenye akili timamu haingii kwa miguu yake. Alikuwa ndani ya kaburi la Sultani Lubinda, lililochimbwa asubuhi ile juu ya kilima cha makaburi, Kalemie. Udongo mwekundu ulimfika kifuani, mikono ilikuwa kiunoni. Juu ya ukingo, mtu wa miwani myeusi alikuwa amepeleka mkono ndani ya abakosi yake, lile koti la wakubwa, pale ilipovimba.

"Bima," alisema yule mtu kwa Kilingala chake. Maana yake toka.

Pascasie hakutoka.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, sikia haraka haraka. Enzi hizo nchi iliitwa Zaire, na mbunge aliitwa komisere wa raia. Wa Kalemie alikuwa Citoyen, yaani Raia, Wilondja, mwana wa Mama Angélique, dada wa marehemu. Mama Angélique na marehemu kaka yake walikuwa ukoo wa Uyoga. Pascasie alikuwa ukoo wa Mvua. Na kwa Watabwa wa Moba, Mvua na Uyoga ni watani tangu zamani za mababu, maana bila mvua uyoga utaota wapi?

Mtani ndiye mwenye kaburi. Hulichimba, huingia ndani, hulizuia jeneza mpaka alipwe, na wakati anadai malipo huzitaja aibu za wafiwa zote mbele ya watu. Mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, amemtukana maiti wake mwenyewe.

Pascasie alikuwa na aibu za kutaja, lakini hakushuka shimoni kwa sababu ya mchezo. Alishuka kwa sababu ya mumewe.

Bonaventure alikuwa Mubembe, mvuvi aliyetoka pwani ya kaskazini akafuata ndagala, wale dagaa wa ziwa, na mwisho akafuata Pascasie. Alivua na taa za petroli, na harufu ya petroli haikumtoka hata afuliwe shati na sabuni ya Kigoma. Siku kumi na kitu zilizopita askari walimkamata karibu na Mtoa, taa bado inawaka kwenye mtumbwi, kwa kosa la kuvunja sheria ya kufunga ziwa. Sheria hiyo ilisema hakuna mtumbwi majini jua likishatua, kwa kuwaogopa waasi. Ndagala nao, kama unavyojua, huja kwenye taa, na taa mchana haina kazi. Walioitunga walikuwa wamewakataza watu kula, ila hawakutaka kuliandika hivyo.

Pascasie alikwenda kwa komisere kuomba neno moja tu lipelekwe kambini. Alimkuta kwenye baraza lake, anakunywa chai.

"Mama," komisere alimwambia, sura imejaa huzuni, "mimi niliipinga ile sheria. Niliipinga ku Kinshasa, mbele ya wakubwa. Tangu ile siku hawanisikie tena. Niende kambini niwaambie nini?"

Pascasie akaaga, akashuka kilima. Alijua kwamba mtu yule amesema uongo, na alijua kwa sababu alikuwa amemfuata redioni siku zote za kikao cha bunge, neno kwa neno.

Yeye na wenzake walikuwa wanawake wa ufukweni, wauza ndagala. Mama Bertille alikuwa na redio, na siku za kikao redio ile ilikaa katikati ya mchanga, ikikwaruza Kifaransa cha Kinshasa. Spika akianza kuita majina, hakuna aliyeinuka kugeuza samaki. Ndio maana siku hizo ndagala wa Kalemie walikauka upande mmoja, na wanunuzi wakanung'unika bila kujua sababu. Wanawake wale walikuwa wanamlinda mtu wao kwa masikio.

Na mtani hasahau. Ukoo wa Mvua humlea msichana wake akiweka makosa ya Uyoga moyoni, moja juu ya jingine, kama mwingine anavyoweka nguo za sherehe. Siku ya kuzivaa ni siku ya msiba. Kabla ya hapo hunyamaza.

Siku ilikuwa imefika. Ila hapo juu ya ukingo alisimama mtu asiyejua lolote kuhusu mvua wala uyoga.

Watu wa usalama siku zile waliletwa kutoka mbali, makusudi, wasije wakawa na shemeji katika mji wanaoulinda. Huyu wa miwani alichokiona ni mwanamke amesimama shimoni anamwita komisere, mjumbe wa Chama, aje ajibu. Alikwishawapeleka watu pabaya kwa kosa dogo kuliko hilo.

Adalbert akamsogelea kwa adabu. Alikuwa mpwa mwingine wa marehemu, mwana wa dada mdogo wa Mama Angélique, mtu mpole, fundi wa kushona nyavu.

"Papa, samahani," alisema. "Huyu mama njo mwenye kaburi. Ukimutoa kwa nguvu, maiti haizikwe leo."

"Nani amesema?"

"Desturi, Papa."

"Hiyo desturi iko na kitambulisho?"

Hakuna aliyecheka. Katekista alifunga kitabu chake cha nyimbo, akakiweka kifuani.

"Mumuache huyu wa miwani," Pascasie alisema kutoka chini. "Mimi nitakimbilia wapi? Niko mu shimo." Akageuza uso kwa komisere, aliyesimama kando ya jeneza. "Anatole."

Watu wakashika pumzi. Majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku, ingawa mitaani bado yalitumika, na kumwita komisere kwa jina lake la kikristo mbele ya mtu wa usalama ilikuwa kama kuchezea waya wa umeme kwa mikono iliyolowa maji.

"Anatole, mutoto wa Uyoga. Tulikutuma ku Kinshasa. Leo mutani anakurudishia safari yako. Ile miaka yote ulisimama kusema mara mbili. Mara ya kwanza uliomba wafungue madirisha, joto ilikuwa nyingi. Mara ya pili ulishukuru kwa sababu waliyafungua."

Kicheko kikapasuka, kile cha msibani, kinachotoka na machozi. Wazee wa Moba walipigapiga magoti yao. Hata mmoja wa wachukuzi wa jeneza alilazimika kuufunika mdomo.

"Siku walijadili ile mashua inabeba wagonjwa wa Moba, waliita jina yako. Kiti yako ikajibu kwa kunyamaza. Wakaita tena. Mashua ikafa, na wagonjwa wakafuata. Siku ya kodi ya nyavu ulikuwapo, na ulipiga makofi mpaka redio ya Bertille ikatetemeka."

Kicheko kilipungua. Wengine walikuwa na wagonjwa wao katika maneno yale.

"Sasa ninafika ku sheria ya ziwa," Pascasie alisema, na sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Ulirudi hapa ukatuambia uliikataa. Vijana wakakubeba mabegani kutoka ku gari ya moshi mpaka ku maji. Lakini ile siku waliita majina moja moja, na redio ilikuwa wazi. 'Citoyen Wilondja.' Na weye ukasema nini, Anatole?"

Upepo wa ziwa ulipita juu ya kilima, ukayumbisha vitenge vya akina mama. Watu wote waligeuka kumtazama komisere. Waliombeba mabegani walikuwa pale pale, na mabega yao.

Citoyen Wilondja hakukasirika. Hilo ndilo lililomtisha Pascasie. Alitabasamu, akafuta jasho kwa leso nyeupe, akasogea mpaka ncha za viatu vyake zikafika ukingoni.

"Mama Pascasie, umesema sana, na umesema vizuri. Lakini umekosea kitu kimoja." Alisubiri. "Mimi si Uyoga."

Mtu fulani akaguna.

"Baba yangu ni Mubembe wa Fizi, kila muntu anajua. Sisi Babembe tunafuata baba. Nyie Batabwa munafuata mama, hiyo ni yenu. Mimi sina mutani hapa. Kwa hiyo hii yote umesema si utani. Ni matusi, juu ya mujumbe wa Chama, mbele ya batu." Akamgeukia yule wa miwani. "Muchukue."

Pascasie alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hilo. Na yeye ndiye aliyepaswa kulifikiria kuliko wote, maana nyumbani kwake watoto wale wale ambao yeye aliwaita wa Mvua, Bonaventure aliwaita Babembe, na ubishi wao ulikuwa wa kuchekesha wageni wakati wa ugali. Mtoto wa koo mbili ana makoti mawili. Wilondja alikuwa amevua moja mbele ya macho yao, na huko shimoni Pascasie akabaki bila kinga.

Yule wa miwani akateremsha mguu mmoja kwenye ngazi ya udongo. Mkono wake ukamshika Pascasie juu ya kiwiko, ukakaza. Ulikuwa mkono uliozoea kazi hiyo.

"Twende, mama. Polepole."

Wachimba kaburi, wanaume wa Mvua, walitazama majembe yao. Wakatazama ule uvimbe wa abakosi. Majembe yakabaki chini.

"Anatole."

Sauti ilitoka kwenye mkeka wa wafiwa. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyelia mpaka koo likakauka. Mama Angélique alikuwa hajasema neno tangu msafara utoke mjini.

"Mama, usijichoshe. Hii ni mambo ya serikali."

"Rudilia ile neno. Weye si Uyoga?"

"Mama, nilikuwa ninaeleza tu..."

"Mimi nilikubeba mu tumbo, sasa nielezee na mimi. Weye si Uyoga?" Hakungoja jibu. Aliingiza mkono ndani ya kitenge chake, akatoa bangili ya shaba iliyokuwa ya kaka yake, na ya mjomba wao kabla ya kaka yake. "Kama si Uyoga, basi ni vile. Adalbert, kuya hapa. Nyoosha mukono."

Hapo, msomaji, ndipo rangi ilipomtoka komisere.

Kwa maana kwa Watabwa, sultani harithiwi na mwanawe. Jina lake huchukuliwa na mwana wa dada yake, palepale kaburini, kabla udongo haujafunika. Na mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi. Mwenye jina la Lubinda ndiye anayeambiwa ndiyo na vijiji vyote kutoka Kalemie mpaka karibu na Moba. Wilondja alikuwa ameshaandaa kila kitu. Ng'ombe walikuwa wamefungwa nyuma ya nyumba, pombe ilikuwa mitungini, na wakubwa wa Kinshasa alikuwa ameshawaambia kwamba mara hii atarudi akiwa mbunge na sultani kwa pamoja.

Adalbert alisimama mbele ya mama yake mkubwa. Hakuwa ameomba kitu hicho maishani mwake. Lakini mkono aliunyoosha.

Bangili ikagusa ncha za vidole vyake.

Komisere akacheka. Alicheka kwa nguvu na kwa muda mrefu mno, mpaka mate yakamruka midomoni.

"Mama, na weye pia? Si ni siku ya mizaha? Mutani ananitania, na mimi namutania. Nani hapa hajui mimi ni Uyoga? Nilianza kuwa Uyoga mbele ya kuwa na meno."

"Basi huyu mu kaburi ni nani kwako?"

"Mama, si umesikia..."

"Sema batu basikie."

Komisere alimtazama Pascasie, na katika jicho lake hapakuwa na mzaha hata kidogo.

"Mutani yangu," alisema. "Ni mutani yangu."

Likumbuke neno hilo, msomaji. Yeye mwenyewe alilisahau upesi.

Bangili ikarudi ndani ya kitenge. Mtu wa miwani aliuachia mkono wa Pascasie kidole kimoja kimoja, kama aliyekatazwa kumaliza chakula, akapanda juu. Hakuondoka mbali. Alisimama anawatazama watu hawa wa ziwa, na sasa alikuwa anasikiliza kwa makini zaidi.

Pascasie alivuta pumzi. Alama za vidole zilikuwa bado nyeupe kwenye ngozi yake. Angeweza kutoka, kuchukua mbuzi wa desturi na kwenda nyumbani. Mtu mwenye busara angefanya hivyo. Lakini nyumbani kulikuwa na shati la Bonaventure kwenye kamba, na alishindwa kuliondoa tangu siku ile.

"Basi jibu mutani yako. Ile siku ya ziwa ulisema nini?"

"Nilisema oui, ndiyo," komisere alijibu, meno yamebana. "Wote walisema oui. Umeridhika?"

Mlio ukapita kwa watu, mzito, wa chini. Mvuvi mmoja mzee alitema mate kando ya kiatu cha komisere.

"Sijaridhika. Kama ulisema oui, basi kwangu ulisema uongo wa pili. Uliniambia wakubwa hawakusikie kwa sababu uliwakatalia. Hukuwakatalia. Basi wanakusikia vizuri. Malipo yangu ya hii kaburi si mbuzi na si kitenge. Ni bwana yangu, hapa, ku miguu yake. Tuma neno ku kambi. Jeneza itangoja."

Komisere alifungua mdomo. Lakini aliyejibu ni mtu wa miwani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangaa.

"Yule muvuvi? Yule wa taa?" Akamgeukia Wilondja. "Citoyen, si alitoka jana. Weye mwenyewe ulikuya kumuchukua. Na gari yako."

Vigelegele vikapaa kutoka kwa wanawake wa ufukweni. Bertille aliruka juu mpaka kilemba kikamtoka. Mtu wa miwani akadhani amesema jambo jema, na kama mtu wa aina yake angekuwa anatabasamu, basi pengine alitabasamu.

Pascasie alishika ukingo wa kaburi kwa mikono miwili. Furaha ilimpiga kifuani mpaka akakosa hewa. Yuko hai, ametoka, ataugombania tena ugali na watoto. Machozi yalimshuka, na hakuona aibu nayo.

"Umeona, mama?" komisere alisema upesi, ametandaza mikono. "Weye unaniaibisha, kumbe mimi nilikusaidia zamani. Sikutaka kelele, njo maana sikusema. Sasa toka, tuzike muzee."

Vigelegele viliendelea. Lakini Pascasie alikuwa ameacha kulia.

"Alitoka jana," alisema. "Alilala wapi?"

"Nini?"

"Bwana yangu. Ametoka mu kambi jana, na nyumba yake iko karibu na soko, muntu anaifika kwa miguu. Alilala wapi?"

"Nilimupandisha mashua. Nilimutuma Fizi kwa ndugu zake, mpaka mambo ipoe."

"Jana?"

"Nimesema jana."

Vigelegele vilikufa kimoja kimoja. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu, maana wote walikuwa watu wa maji. Jana upepo wa kusi ulikuwa umevuma tangu alfajiri. Mitumbwi yote ilikokotwa juu mpaka kwenye majani, mashua kubwa zilifungwa kamba mbili bandarini, na wanawake hawakuanika hata samaki mmoja kwa sababu upepo ungewapeleka mpaka stesheni. Hakuna kilichotoka Kalemie kwenda Fizi jana. Mtoto wa kunyonya alilijua hilo. Komisere hakulijua, kwa sababu alikuwa ameacha kulitazama ziwa siku nyingi.

Mvuvi mzee aliyetema mate alirudi nyuma hatua moja, akafanya ishara ya msalaba.

"Mushushe jeneza," komisere aliamuru. "Jua inapanda."

Na wachukuzi, kwa mazoea ya kutii, wakainama.

Pascasie aliwatazama. Walikuwa vijana wa kukokota nyavu, wenye migongo kama milango. Njiani walikuwa wamelitua jeneza chini mara kwa mara, wanahema, na mmoja akanong'ona kwamba Sultani amekula mawe. Watu walicheka. Lakini Sultani Lubinda alikuwa ameugua tangu mvua za kwanza. Mwishoni alibaki ngozi na mifupa, Mama Angélique alimbeba peke yake kumpeleka kuoga. Mzee yule hangewachosha hata wasichana.

Na komisere ndiye aliyelileta jeneza. Asubuhi ile aliwatoa wote nyumbani, akasema daktari ameona ugonjwa wa kuambukiza, na walipoitwa ndani walikuta sanduku limeshapigwa misumari.

Ziwa hurudisha kila kinachotupwa ndani yake, hilo Pascasie alilijua. Nyavu hukileta. Lakini nani atafukua kaburi la sultani?

Alikumbuka jioni ile Bonaventure alipoapa, mbele ya jirani zake, kwamba siku ya mkutano wa uchaguzi atasimama kumwuliza komisere swali moja tu kuhusu ile oui. Alimsihi anyamaze. Hakunyamaza, na siku chache baadaye askari wakaja na mashua yao moja kwa moja mpaka kwenye taa yake, ingawa taa zingine zilikuwa nyingi majini.

Jeneza liliwekwa juu ya miti miwili ukingoni, usawa wa uso wake. Pascasie akasogea, akaegemeza paji la uso kwenye mbao, kama mtu anayeomba. Watu wakadhani anaomba.

Alikuwa ananusa.

Alipoinua kichwa, uso wake ulikuwa umebadilika hata Bertille akashika mdomo.

"Mama Angélique," alisema taratibu. "Mutani anaaga maiti uso kwa uso, mbele ya udongo. Ni vile ama si vile?"

"Njo vile," Mama Angélique alijibu.

"Hapana," komisere alisema. "Daktari amekataza. Ugonjwa itakamata mji wote."

"Anatole, umesema mimi ni nani kwako?"

Komisere akajifuta uso kwa leso.

"Umesema mbele ya batu bote. Mutani yako. Ukitaka kulikana tena hilo neno, likane. Bangili bado iko kwa mama yako." Sauti yake ilianza kukatika, akailazimisha. "Adalbert, leta sururu."

"Ni ndugu yangu mule ndani," Mama Angélique alisema, na akaanza kuinuka kwenye mkeka, goti moja, kisha la pili. "Nilimuosha kwa mikono yangu, kisha mukanitoa inje. Sikumuaga. Fungua, Adalbert."

Wilondja alimgeukia mtu wa miwani. Leso ilikuwa imemwanguka, na hakuiokota. "Zuia huyu muntu. Ninakuamuru."

Yule mtu alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo, mekundu kwa kukosa usingizi, na yalikuwa yanampima komisere kama yalivyozoea kuwapima wengine.

"Citoyen," alisema, "mimi niliambiwa kulinda mujumbe wa Chama. Kuhusu sanduku, sikuambiwa." Akanyamaza kidogo. "Lakini yule muvuvi niliandika kwamba alitoka muzima. Sitaki kuandika mara ya pili."

Komisere alipiga hatua nyuma, kisha nyingine. Nyuma yake, barabarani, gari lake lilikuwa limeegeshwa chini ya mikaratusi, na dereva alikuwa ameshaingia ndani.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Wazee walisema hivyo bila kujua kwamba siku moja itatimia kilimani Kalemie, mchana kweupe, mbele ya katekista.

Adalbert alipachika ncha ya sururu chini ya kifuniko. Msumari wa kwanza ulilia ukatoka. Wa pili ulikatika. Mikono ya Pascasie ilikuwa juu ya mbao, kucha zimejaa udongo mwekundu, na midomo yake ilikuwa inaita jina bila sauti.

Kifuniko kikainuka upana wa kidole. Harufu ya petroli ikatoka, ile ile aliyolala nayo miaka yote ya ndoa yake, na safari hii kila aliyesimama karibu aliisikia.

Injini ya gari ikanguruma barabarani. Hakuna aliyegeuka kuitazama.

Kwa sababu sanduku lilikohoa.